Msizifute kompyuta za shule, na msinunue mfumo usiofunguka: barua ya wazi kwa wakurugenzi wa Mtwara na Lindi

Kwa: Wakurugenzi wa halmashauri zote 15 za mikoa ya Mtwara na Lindi

YAH: KOMPYUTA ZA SHULE, MIFUMO YA HALMASHAURI NA PROGRAMU HURIA

Ndugu Wakurugenzi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Mtwara mjini, Chikongola. Nachapa barua, natoa fotokopi, nafufua mashine zilizozima. Kwa sababu ya kazi hiyo huitwa kwenye shule, zahanati na vyama vya msingi vya ushirika vya pande za Newala, Tandahimba na Masasi, na mara nyingine huvuka Lukuledi hadi Nachingwea. Ninayoyaona huko ndiyo yaliyonifanya niandike. Nina maombi mawili, nayasema mapema ili mwenye kikao asisubiri. La kwanza, kompyuta zilizomo kwenye maabara za shule zenu msizifute kwenye daftari la mali eti kwa kuwa Windows 10 imefikia mwisho wa huduma. La pili, kila mfumo unaotengenezwa kwa fedha ya halmashauri, au kwa fedha ya wakulima, ukabidhiwe pamoja na msimbo wake (maandishi ya kiprogramu yaliyoujenga) na haki ya kuufungua, kuurekebisha na kumpa jirani. Maombi yote mawili yanajibiwa na kitu kimoja ambacho tayari kipo na hakihitaji kibali cha mtu yeyote wa nje, nacho ni programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi na kila mtu anaruhusiwa kuutumia na kuubadilisha.

Tuanze na maabara. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzima siku hiyo, ndiyo maana wakuu wa shule wengi hawakujua kama kuna jambo limetokea. Anayetaka kuhamia Windows 11 anaambiwa awe na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0, na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine nyingi ninazozifungua kwenye shule za huku ni za kizazi cha tatu na cha nne. Zimekuja kama misaada, au zimenunuliwa mtumba, na mifuniko yake bado ina vibandiko vya ofisi za Ulaya zilikotoka. Haziwezi kuhamia. Microsoft imeacha mlango wa kulipia muda wa ziada: kwa ofisi ni dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka kwa miaka mitatu. Shule zimepewa unafuu mkubwa sana kwenye bei hiyo, nakiri, lakini unafuu ni kwa mwenye leseni halali, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanza kutazama dari.

Kinachofuata nakijua. Litaandikwa dokezo kwamba kompyuta zimepitwa na wakati. Kamati itapita, itazihesabu, itaandika "chakavu". Zitarundikwa stoo pamoja na madawati yaliyovunjika, zikisubiri mnada usiofika. Halafu maabara itakaa tupu hadi atokee mfadhili mwingine na mashine nyingine za mtumba, nazo ziwe na miaka yake michache kabla ya dokezo lingine.

Kuna shule moja ya kata huko juu kwenye uwanda wa Makonde ilinipigia simu baada ya likizo. Mwalimu wa TEHAMA, ambaye kwenye ratiba ni mwalimu wa Hisabati, alinifungulia chumba: kompyuta zimefunikwa vitambaa vya kushonwa na mikono ya wanafunzi, vumbi jekundu limejaa kwenye feni. Ukiwasha moja, unaweza kuita majina ya darasa zima kabla mshale haujasogea kwenye kioo. Ikishawaka, kioo ni cheusi na pembeni chini kuna maandishi yanayokukumbusha kwamba Windows hiyo haijathibitishwa. Lakini kilichomsumbua zaidi mwalimu ni flashi yake. Kila folda ilikuwa imegeuka shotikati. Mitihani ya muhula mzima ilikuwa humo, na kila akibofya anapata ujumbe wa kosa. Alikuwa ameshaanza kuichapa upya.

Nilichomeka flashi yangu yenye Linux Mint, mfumo endeshi huria unaoshika nafasi ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce, nikawasha mashine moja kutoka hapo bila kugusa kilichomo kwenye diski. Kisha nikachomeka flashi ya mwalimu. Folda zake zote zikatokea, na mitihani yote ndani. Hakuna muujiza hapo. Kirusi kile hakifuti mafaili, kinayapa alama ya kufichwa na kuweka shotikati bandia mahali pake. Alama ile Windows inaitii, Linux haina habari nayo. Na shotikati zenyewe, ambazo kule kwingine zingeeneza kirusi, hapa zilikaa tu kama majina yasiyo na kazi. Mwalimu akakohoa, akaniuliza kama hiyo "windo mpya" inauzwa bei gani.

Mashine ile ina RAM ya GB 4. Ilipowekwa Linux Mint moja kwa moja ikaamka kwa muda unaostahimilika, ikaja na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, na Firefox ya kuingia mtandaoni. Tukaongeza GCompris, michezo ya kujifunzia, kwa ajili ya wadogo wa shule ya msingi ya jirani wanaokuja Jumamosi, na Python, lugha ya kuandikia programu, kwa ajili ya wakubwa. Printa ikagoma. Nasema hili ili msije mkaambiwa na mtu mwingine: printa za bei rahisi mara nyingi hutengenezwa zikiwa na draiva (programu ya kuziendesha) ya Windows pekee, na ile ilinitoa jasho kabla haijakubali kutoa ukurasa. Kwa hiyo kabla ya kununua printa ya shule, muulizeni kwanza fundi, si muuzaji.

Sasa tuseme kweli kuhusu "kupiga windo", yaani kuiwekea kompyuta Windows. Kila mji wa mikoa hii una mafundi wanaopiga windo kwa elfu kumi, wengine kumi na tano. Hiyo ni bei ya kazi ya fundi, leseni haimo. Bei rasmi ya Windows 11 Pro kule Marekani ni karibu dola 200. Zidisha kwa kompyuta 20 za maabara moja, unapata dola 4,000 kabla hujanunua hata programu ya kuandikia. Hakuna shule ya kata yenye fedha hiyo, kwa hiyo inapigwa ya kraki, iliyovunjwa kufuli ya leseni, na maisha yanaendelea. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Mkuu wa shule anamsimamisha mwanafunzi aliyeingia na kikaratasi kwenye mtihani, kisha anaandika barua ya kumsimamisha kwa programu iliyoibwa. Simlaumu, hakupewa njia nyingine. Lakini ninyi mnaweza kumpa.

Na kraki ina gharama yake hata kama COSOTA, ofisi ya hakimiliki, haijabisha hodi. Wengi wakishaweka kraki huzima masahihisho, wakiogopa windo itajulikana. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi duniani, hospitali za Uingereza zikiwemo, kwa kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshaliziba tangu Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamepokea kiraka. Maabara zetu nyingi zipo kwenye hali hiyo kila siku.

Programu huria ni nini, kwa ufupi, kwa wajumbe wa kamati ya fedha. Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa kwenye maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, alitangaza mradi wa GNU. Kilichomchokoza, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa printa: ilikuwa inakwama karatasi, yeye alijua namna ya kuifanya iwajulishe watu ikikwama, lakini akanyimwa msimbo wa kuirekebisha. Mafundi wote tunalielewa hasira hilo. Leseni ya GPL ikafuata mwaka 1989: itumie upendavyo, ifungue uisome, ibadilishe, mpe mwenzako, na utakayempa naye awe na haki hizo hizo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha Linux, ambacho leo kipo ndani ya kila simu ya Android. Vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu ni Android. Kwa hiyo hoja ya kwamba walimu wetu hawataiweza Linux imechelewa kidogo. Wanayo mkobani.

Hata ndani ya majengo yenu ipo. Waulizeni Waganga Wakuu wa Wilaya takwimu za madaftari ya MTUHA, yale ya huduma za afya vituoni, zinaingizwa wapi. Zinaingizwa DHIS2. Huo ni mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, chimbuko lake likiwa kazi iliyoanza Afrika Kusini miaka ya 1990, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuujenga na kuufundisha kwa miaka mingi. Chanjo za watoto wa Liwale zinahesabiwa na programu ambayo kijana yeyote wa Liwale anaweza kuipakua yote, akasoma kila mstari wake. Wizara ya Afya haikuona aibu kutumia kitu ambacho hakikuuzwa, basi idara nyingine zisione.

Nije kwenye ombi la pili, ambalo ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa hapo ni fedha ya korosho.

Kuna chama kimoja cha msingi, jina lake nalibakiza kifuani. Kilinunua mfumo wa kupokelea mzigo: mkulima akishapima, karani anaingiza jina na kilo kwenye kompyuta mpakato, stakabadhi inatoka. Msimu wa kwanza kila mtu alifurahi, hata wazee ambao kwa kawaida hawaamini karatasi isiyo na muhuri. Msimu wa pili, ghala limeshafunguliwa, magunia yamepangwa hadi barazani na watu wamelala hapo tangu usiku, karani akawasha kompyuta na kukuta kisanduku cha Kiingereza katikati ya kioo: leseni imekwisha, wasiliana na muuzaji. Muuzaji yuko Dar, zaidi ya kilomita 550. Simu haipatikani. Karani akatoa daftari la kaunta na kalamu, foleni ikaendelea kwa mkono, na manung'uniko nayo.

Niliitwa kama fundi. Nikayakuta mafaili ya hifadhidata kwenye diski, mazima kabisa: majina ya wakulima, namba zao za simu, kilo za msimu uliopita, madeni ya salfa ya kupulizia mikorosho. Yamefungwa kwa nywila aliyonayo muuzaji peke yake. Nikaomba mkataba. Ulikuwa wa kurasa mbili, wenye bei, sahihi na muhuri, na hakuna mstari hata mmoja unaosema taarifa zile ni za nani. Baada ya siku kadhaa muuzaji akapatikana, chama kikalipa, mfumo ukafunguka. Kwenye mkutano mkuu mkulima mmoja akasimama na hati yake ya malipo, akauliza lile kato jipya ni la nini. Akajibiwa kuwa ni "la mfumo". Akakaa. Angeuliza mara ya pili sijui nani angemjibu.

Ninyi kila msimu mnaipiga vita kangomba, na mko sahihi. Mtu anauza korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya mwenye shida, na mavuno yakifika si yake tena. Mkataba wa mfumo usiokupa msimbo wala njia ya kuzitoa taarifa zako ni kangomba ya takwimu. Mavuno ya kazi ya karani wenu yameuzwa kabla hajaanza kuandika.

Isitoshe, tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Namba ya simu ya mkulima na deni lake ni taarifa binafsi. Mwenye dhamana nazo ni chama au halmashauri iliyozikusanya, na sielewi mtu anawezaje kuwa na dhamana ya sanduku ambalo ufunguo hana.

Ninachotaka kwenye mikataba si kikubwa. Msimbo wote ukabidhiwe siku mfumo unapokabidhiwa, siyo "utakapohitajika". Uwe chini ya leseni huria inayotambulika, GPL au nyingine ya aina hiyo, ili mfumo uliolipiwa na Nanyumbu uweze kutumika Ruangwa bila Ruangwa kulipa tena kwa kazi ile ile. Hifadhidata iwe ya kawaida inayofunguka kwa zana za wote, PostgreSQL au MariaDB, na kuwe na kitufe cha kutoa taarifa zote kwenye faili ambalo hata LibreOffice inalisoma. Malipo ya kila mwaka yawe ya huduma, yaani mafunzo, marekebisho, na mtu wa kupokea simu, na huduma ikikatika mfumo uendelee kuwaka. Mzabuni mzuri hapotezi kitu hapo. Anayekataa, mwulizeni anaogopa nini.

Najua miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma inapita kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ipo. Siwaombi mjenge mifumo yenu kinyume na ya Serikali Kuu. Kwa kweli Serikali Kuu imeshaonyesha kitu: TANePS ya manunuzi iliachwa, na tangu 2023 tunatumia NeST iliyojengwa na wataalamu wa hapa nchini. NeST si programu huria, lakini imemaliza ubishi wa kwamba mfumo mkubwa lazima uagizwe nje. Ninayoyasema mimi yanahusu ile mifumo midogo midogo inayoingia kwa mlango wa nyuma: ya chama, ya shule, ya stendi, ya soko la samaki.

Afisa TEHAMA mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia: msimbo ukiwa wazi, hata mwizi anausoma. Ni kweli. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejijengea imani kwa miaka kama mchangiaji wa programu ndogo ya kubana mafaili, xz, alikuwa ameingiza humo mlango wa siri ambao ungefungua seva nyingi duniani. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, na alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kulikuwa kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Akafuatilia, akafungua, akasoma, akatangaza. Mlango ulikamatwa kabla haujafika kwenye matoleo wanayotumia watu wengi. Nusu sekunde ile ingetokea kwenye programu iliyofungwa, Freund angewasha upya kompyuta yake na kwenda kunywa chai. Lakini kisa hicho kina upande mwingine ambao wapenzi wa programu huria hatupendi kuusema: programu ile ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka, bila malipo, huku makampuni makubwa yakiitegemea. Kutumia vya wote bila kumlipa anayevitunza ni tabia mbaya, na halmashauri zikianza safari hii zitenge hata kidogo cha kurudisha.

Kwetu pia tuna kumbukumbu ya namna hiyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliofadhiliwa na Sida, shirika la misaada la Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na nzuri. Leo vijana wa filidi wanaokuja kibandani kwangu hawajawahi kuisikia. Mradi ulikwisha, na hapakuwa na ofisi wala shule iliyokuwa imeiweka kwenye utaratibu wake wa kila siku kiasi cha kudai iendelee. Leseni huria ilihifadhi msimbo, haikuhifadhi watumiaji.

Munich nao wana kisa. Mji huo wa Ujerumani uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ukamaliza 2013 ukiwa umehamisha kompyuta zipatazo 15,000, halafu 2017 baraza la mji likapiga kura kurudi Windows. Adui wa Linux hakosi kulitaja. Mimi kisa hicho nakisoma hivi: walikwenda kwa miaka kumi wakiwa peke yao, mafaili ya wengine yakiwaingilia kila siku. Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walianzia kwingine. Mwaka 2005 walibadilisha programu ya ofisi kwanza, wakafuata Firefox, askari wakazoea huku bado wako kwenye Windows, na ndipo mwaka 2008 wakaanza kuhamia Ubuntu. Siku kompyuta ilipobadilishwa, programu walizozifungua asubuhi zilikuwa zile zile za jana. Sasa hata Ujerumani jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zake 30,000 kwenda LibreOffice. Njia ya Gendarmerie ndiyo ningewashauri kwa ofisi zenu. Kwa maabara za shule ambazo mashine zake zinakaribia stoo, hakuna cha kuogopa, anzeni na Linux moja kwa moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko India. Wengi wetu tunaijua Kollam bila kufika. Ni mji wa jimbo la Kerala, kitovu cha miaka mingi cha ubanguaji wa korosho, na mzigo ghafi wa bandari yetu umekwenda India miaka nenda rudi. Jimbo hilo hilo lilianzisha mradi wa IT@School mwanzoni mwa miaka ya 2000, na katikati ya muongo huo shule zake za umma zikahamia programu huria. Siri yao haikuwa fedha. Waliweka mtihani. Mtihani wa vitendo wa TEHAMA wa darasa la kumi ukawa unafanyika kwa programu huria, na baada ya hapo hakuna mwalimu, mzazi wala muuzaji aliyebaki na la kusema. Walimu wakafundisha walimu wenzao. Leo taasisi yao ya KITE inatengeneza mfumo endeshi wake yenyewe kwa ajili ya shule, na tangu 2018 wana vilabu vya wanafunzi, Little KITEs, ambao ndio wanaosaidia kutunza vifaa vya maabara. Mtoto wa kidato cha pili anayeweza kufungua kompyuta, kuipangusa, kuiwekea mfumo upya na kuifunga ni mtoto ambaye hatakaa kijiweni Mkanaledi akisubiri ajira ya gesi.

Mtihani wa taifa hauko mikononi mwenu, naelewa. Mitihani ya majaribio ya wilaya na mkoa iko mikononi mwenu.

Jambo moja zaidi, dogo. Mei 2024 mvua ziliikata barabara ya Dar huku Kilwa, na tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Ndani ya mwezi mmoja kusini ikayumba njia ya lori, kisha ya barua pepe. Kuna programu huria zinazoitwa Kolibri na Kiwix: moja inabeba masomo, nyingine inabeba Wikipedia nzima, zikiwekwa kwenye kompyuta moja ya maabara nyingine zote zinasoma kutoka hapo bila bando. Hazina gharama ya leseni. Zinahitaji diski yenye nafasi na mtu wa kuipeleka shuleni.

Mtu huyo atoke wapi? VETA Mtwara na VETA Lindi wanatoa vijana kila mwaka. Sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo, na kila halmashauri ina ile mikopo ya asilimia 10 ambayo asilimia 4 ni ya vijana. Sajilini vikundi vya mafundi, wapeni kandarasi ya kutunza maabara za kata kadhaa kwa mwaka wa fedha, walipwe kwa mashine zinazowaka, siyo kwa posho ya safari. Fedha ambayo ingenunua leseni za maabara moja italipa kijana wa Tandahimba kuhudumia maabara nyingi, na atakula, atapanga chumba na kununua bando hapa hapa.

Naomba basi, kabla bajeti ijayo haijapita kwenye kamati ya fedha, kila halmashauri ichague shule chache zenye kompyuta zilizosimama na kuzijaribu. Dokezo lolote la kufuta kompyuta lisubiri hadi fundi aandike kwamba hata Linux imeshindwa. Mwanasheria wa halmashauri aandae kifungu cha msimbo na taarifa, kiingizwe kwenye kila mkataba mpya wa mfumo, na vyama vikuu vya ushirika wapewe nakala kabla ghala halijafunguliwa mwezi Oktoba. Mwaliko wangu kwa Maafisa TEHAMA uko wazi siku yoyote ya kazi: njooni na kompyuta iliyoandikwa chakavu, tuifungue pamoja, muondoke nayo.

Naomba kuwasilisha.

Fundi kompyuta,
Chikongola, Mtwara

Nakala:
Makatibu Tawala, Mikoa ya Mtwara na Lindi
Maafisa Elimu Sekondari, halmashauri zote
Bodi za vyama vikuu vya ushirika, Mtwara na Lindi